Anza na Maji Yanayotoka: Bafu Jipya Kando ya Ziwa Mweru

Mwenye nyumba anayetaka kuongeza bafu humwita fundi bomba, wakasimama wawili mbele ya ukuta, na swali la kwanza huwa ni maji yatapita wapi mpaka yafike kwenye shawa. Fundi huchukua chaki, akachora mstari kutoka lilipo tangi hadi itakapokaa koki, akahesabu elbo na tii, akataja bei. Mahali penye bomba kuu la maji taka chini ya barabara, mazungumzo hayo yanatosha. Nchelenge hayatoshi.

Nchelenge ni wilaya ya Mkoa wa Luapula, kaskazini mwa Zambia, ukingoni mwa Ziwa Mweru, kwenye kimo cha mita zipatazo 920 juu ya usawa wa bahari. Ng'ambo ya ziwa ni Kongo, penye Kilwa na Pweto. Maji huitwa amenshi kwa Kibemba cha upande huu na mayi kwa Kiswahili cha upande ule. Tangu 2018, ilipofunguliwa kambi ya Mantapala kwa wakimbizi waliovuka kutoka Kongo, Kiswahili hicho kimepata makazi ndani ya wilaya yenyewe. Nyumba nyingi za hapa hutegemea choo cha shimo kilichojengwa mbali kidogo na nyumba. Anayeleta bafu ndani ya nyumba ya zamani, lenye choo cha kuvuta maji, sinki na shawa, anahamisha pia kazi ambayo kwa miaka mingi ilifanywa na lile shimo la uani. Maji safi yanaweza kusukumwa yapande, yakate kona, yapite juu ya dari. Maji taka hayana pampu. Yanashuka tu, na huku ziwani nafasi ya kushukia ni ndogo. Kwa hiyo hoja ya makala haya ni moja: njia ya mabomba ya bafu jipya ichorwe kuanzia mwisho, yaani mahali maji yatakapoingia ardhini, kisha irudishwe nyuma hatua kwa hatua hadi kwenye tangi.

Ziwa na kalenda yake

Mvua za Luapula hunyesha kuanzia Novemba hadi Aprili. Mtu angetarajia ziwa lijae Januari, mvua zinapokuwa kali. Mambo ni kinyume chake. Mto Luapula, unaolilisha Mweru kutoka kusini, hupokea maji ya Ziwa Bangweulu na vinamasi vyake vipana. Vinamasi hivyo hunyonya mafuriko kama sponji, kisha huyaachia polepole. Ndiyo maana Mweru huwa chini kabisa karibu na Januari na hufikia kilele mwezi Mei, mvua zikiwa zimekwisha. Kati ya vipindi hivyo viwili, uso wa ziwa hupanda kwa takriban mita 1.7 katika mwaka wa kawaida.

Kwa mchimba karo la maji taka, tarakimu hiyo ni kubwa kuliko zote. Kwenye ardhi ya kichanga karibu na ufuo, maji ya chini ya ardhi hufuata uso wa ziwa. Shimo lililochimbwa Desemba likaonekana kavu hadi chini linaweza kuwa na maji ya kufika magotini mwezi Mei. Fundi hakudanganya. Alipima msimu usiofaa.

Fedha nazo zina kalenda yake. Uvuvi wa Mweru hufungwa kila mwaka kuanzia Desemba mosi hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaliane. Machi nyavu hurudi majini, chisense, samaki wadogo wa ziwa hili, huanikwa tena mchangani, na nyumba iliyokuwa ikihesabu kila kwacha huanza kufikiria saruji na vigae. Maana yake ni kwamba hamu ya kujenga huja ziwa likiwa linapanda. Hali hiyo ina hasara na faida. Hasara ni kwamba kuchimba karo Aprili au Mei ni kupigana na maji yanayochuruzika kutoka kila upande, na karo tupu la plastiki linaweza kuinuliwa na maji likaelea kama mtumbwi. Faida ni kwamba hakuna wakati bora wa kupima. Anayepima Mei na kuchimba Septemba au Oktoba, ziwa likiwa limeshuka, hujua hali mbaya kabisa atakayokutana nayo, na hujenga akiwa mahali pakavu.

Tatizo hili halikuanzia Mweru. Mei 2020 Ziwa Victoria lilifikia kimo ambacho hakikuwa kimeonekana tangu miaka ya 1960, na Ziwa Tanganyika nalo likapanda miaka hiyo likaingia katika mitaa ya Bujumbura na Uvira. Watu wa maziwa makuu wanajua ziwa linavyoweza kuingia uani. Wengi hawajajiuliza linavyoingia kwanza chini ya sakafu, kupitia shimo la choo.

Hesabu ya sentimita

Tuchukue nyumba ya mfano ambayo sakafu yake iko sentimita 15 juu ya ardhi ya uani. Bomba la choo, lile la inchi nne au milimita 110, linatoka likiwa sentimita 30 chini ya uso wa sakafu. Bomba hilo linahitaji mteremko. Likilazwa tambarare, uchafu utabaki nyuma na maji yatatangulia. Mafundi wengi huridhika na mteremko wa 1 kwa 50, yaani sentimita 2 kwa kila mita. Karo likiwa mita 12 kutoka bafuni, bomba litashuka sentimita 24, na litaingia karoni likiwa sentimita 54 chini ya sakafu, sawa na 39 chini ya ardhi. Tundu la kutokea karoni huwekwa chini kidogo ya tundu la kuingilia. Tuseme sasa tuko sentimita 45. Mtaro wa kufyonza maji, wenye bomba la matundu na kokoto, unaongeza mita kadhaa za safari na sentimita 5 za mteremko, kisha kuna kokoto zenye kina cha sentimita 30 chini ya bomba. Kitako cha mtaro kimefika sentimita 80 chini ya ardhi.

Hapo ndipo linapokuja sharti la afya. Viwango vya Sphere, vinavyofuatwa na mashirika ya misaada kwenye kambi za wakimbizi, vinataka kitako cha choo au shimo la kufyonza kiwe angalau mita 1.5 juu ya maji ya ardhini, na kiwe angalau mita 30 kutoka kisimani. Ongeza mita 1.5 kwenye zile sentimita 80: katika nyumba yetu, maji ya Mei yasiwe karibu zaidi ya mita 2.3 kutoka uso wa ardhi. Kwenye mwinuko kuelekea barabara ya Mansa, makao makuu ya mkoa, huenda hilo likawa rahisi. Karibu na ufuo, huenda lisiwezekane.

Tazama pia jinsi umbali unavyogeuka kuwa kina. Ukisogeza karo mita 10 zaidi ili kulikimbia kisima, umeongeza sentimita 20 za kina. Ukilisogeza karibu ili kupunguza kina, umelikaribia kisima. Na kisima kinachohesabiwa si chako peke yako. Cha jirani nacho kiko ndani ya duara la mita 30. Mchanga nao una hila yake. Mwagia maji shimoni, yakatoweka mara moja, na kila mtu atasifu ardhi inavyofyonza. Kasi hiyo hiyo ndiyo inayobeba vijidudu hadi kwenye ndoo ya jirani kabla ardhi haijapata muda wa kuvichuja. Kipindupindu kimewahi kuzuka mara kadhaa katika kambi za uvuvi za ufuo huu.

Hesabu ikigoma, ziko njia za kuilainisha. Ya kwanza ni kutenganisha maji. Maji ya shawa na sinki hayana sababu ya kuingia karoni pamoja na ya choo. Yanaweza kupita kwenye mtaro mfupi usio na kina na kuishia kwenye migomba, kama ambavyo nyumba nyingi za Afrika Mashariki zimekuwa zikifanya bila kusubiri mhandisi. Ya pili ni kuchagua choo kinachotumia maji machache. Watu watano wakienda mara nne kwa siku, tangi la kuvuta la lita 9 linamwaga lita 180 ardhini. Choo cha kuchuchumaa kinachomwagiwa lita 3 kwa kopo kinamwaga 60. Ya tatu ni kupandisha: kuinua sakafu ya bafu, au kujenga tuta la mchanga na kokoto juu ya ardhi na kuweka mtaro wa kufyonza ndani yake. Hakuna hata moja ya njia hizi inayoweza kuamuliwa baada ya vigae kubandikwa.

Bafu likae upande gani?

Kutokana na hesabu hiyo, mahali pa bafu panaanza kujichagua penyewe. Mwenye nyumba huwa na machaguo matatu: kugeuza stoo au kona ya chumba kuwa bafu, kubandika chumba kipya nyuma ya nyumba, au kujenga banda la bafu pembeni.

Bafu la katikati ya nyumba ndilo linalopendwa, na ndilo lenye gharama iliyojificha. Bomba la inchi nne lazima lipite chini ya jamvi, yaani sakafu ya zege, hadi ukuta wa nje. Jamvi litavunjwa, karatasi ya nailoni inayozuia unyevu itachanwa, na sehemu ya bomba ikiziba siku moja itakuwa chini ya kitanda cha mtu. Bafu lililobandikwa kwenye ukuta wa nje, upande ulio mbali na kisima na ulio chini kidogo kimwinuko, hufuta karibu matatizo hayo yote. Choo chenye tundu la kutokea nyuma badala ya chini kinaweza kupeleka bomba lake moja kwa moja kupitia ukutani, jamvi lisiguswe. Banda la pembeni hurahisisha mabomba kuliko yote, lakini huturudisha usiku, kwenye mvua, kwenye safari ile ambayo bafu la ndani lilikusudiwa kuifuta. Kwa wazee na watoto, hiyo si gharama ndogo.

Wajenzi wa miji ya kale ya pwani ya Afrika Mashariki walilijua jambo hili. Katika nyumba za mawe za Lamu, choo kilikuwa na shimo lake refu, na mpangilio wa nyumba ulilitii shimo. Udhaifu ulikuwa kwenye visima vilivyokuwa karibu na mashimo hayo. Sultani Barghash alipovuta maji ya bomba kutoka chemchemi ya Chemchem hadi mjini Zanzibar katika miaka ya 1880, alikuwa akitenganisha kwa chuma kile ambacho ujenzi wa mji ulikuwa umekisogeza pamoja.

Ukuta unavyosema

Mara mahali pa kutokea pamejulikana, mabomba ya maji safi yana njia chache tu za kufika, na hapo ukuta hupewa nafasi ya kusema. Kuna kanuni inayotumika sana katika kuta za matofali: mfereji wa wima usizidi theluthi moja ya unene wa ukuta, na wa mlalo usizidi sehemu moja ya sita. Kwa ukuta wa sentimita 23, hiyo ni kama sentimita 7.6 kwa wima na 3.8 kwa mlalo. Kwa ukuta wa tofali moja jembamba, wa sentimita 11.5, mlalo unaoruhusiwa haufiki sentimita 2. Hata bomba jembamba la milimita 20, pamoja na plasta ya kulifunika, halitoshei. Kwa hiyo fundi anayewasha grenda na kukata mstari mrefu wa mlalo kwenye ukuta mwembamba anaukata ukuta kiuno. Bomba lishuke wima kutoka darini mahali penye koki, au lipite nje ya ukuta likiwa limefungwa kwa klipu.

Kwenye nyumba za matofali mabichi jambo ni zito zaidi. Tofali la udongo lisilochomwa huvumilia mvua ya nje likiwa na plasta na paa pana. Uvujaji wa ndani halivumilii. Kiungio kinachovuja polepole, kikiwa kimefukiwa ukutani, kinaweza kuurudisha ukuta kuwa tope kabla mtu hajaona doa. Ukuta wa bafu katika nyumba hiyo ujengwe upya kwa matofali ya kuchoma au ya saruji, au mabomba yote yabaki nje yakionekana. Watu huona bomba linaloonekana kuwa ni kazi ya mtu maskini. Kwenye ukuta wa udongo, ni kazi ya mtu mwenye akili.

Vitabu vya ufundi vilivyoandikwa nchi za baridi huhangaika na maji kuganda ndani ya bomba. Hapa adui ni jua na jembe. Bomba la PVC lililoachwa juani hukauka na kuwa kama ganda la yai. Bomba la plastiki linalotoka tangini hadi nyumbani lizikwe sentimita 60 hivi, ambako jembe halifiki, na pale linapopita kwenye msingi livalishwe ala ya bomba kubwa zaidi ili nyumba ikititia isilikate. Likikutana na bomba la maji taka, lipite juu yake, kwa nafasi ya angalau sentimita 30, na kamwe yasilazwe pamoja kwenye mtaro mmoja. Shinikizo la maji safi likishuka ghafla, ufa mdogo kwenye bomba hunyonya kilicho nje.

Maji yanayoingia

Sasa ndipo tunapofika kwenye tangi, ambako wengi huanzia. Chanzo kinaweza kuwa bomba la kampuni ya maji ya mkoa, yenye makao yake Mansa, au kisima kirefu, au ziwa lenyewe. Aliye na kisima akumbuke kwamba kuna sheria ya rasilimali za maji ya 2011 na kanuni za visima za 2018, zinazotaka visima vijulikane na mamlaka husika. Aliye na pampu ya kunyonya iliyokaa juu ya ardhi akumbuke fizikia: kwenye kimo cha Mweru, hewa haiwezi kuinua maji zaidi ya mita 9 na kidogo hata kinadharia, na kwa kazi halisi ni mita 6 au 7. Kisima kirefu zaidi ya hapo kinataka pampu inayozamishwa ndani yake.

Anayepandisha maji ya ziwa kwa ajili ya kuoga ana tatizo la kichocho. Vimelea vyake, vinavyopenya ngozi, hufa vikikosa mwili wa kuingia kwa muda wa siku mbili hivi. Matangi mawili, moja likitulia huku jingine likitumika, ni kinga ya kuogea iliyo rahisi, mradi konokono wasiingie. Maji ya kunywa bado yanataka kuchemshwa.

Kuhusu nguvu ya maji, kila mita ya kimo cha tangi inatoa takriban sehemu moja ya kumi ya baa, kipimo cha shinikizo. Tangi ambalo kitako chake kiko mita 4 juu, na shawa iko mita 2, linabakiwa na mita 2 tu za kusukuma. Mita hizo ni rahisi kuzipoteza njiani. Bomba la PPR, plastiki inayounganishwa kwa joto, la milimita 20 lina tundu la ndani la milimita 13 hivi, kwa sababu kipimo chake ni cha nje. Likipitisha lita 12 kwa dakika, hupoteza karibu mita 2 za nguvu kwa kila mita 10 za urefu. Yaani nguvu yote imekwisha kabla maji hayajafika kichwani. Bomba la milimita 25 hupoteza takriban sentimita 65 kwa umbali huo huo. Tofauti ya bei kati ya hayo mawili ni ndogo. Tofauti ya kuoga ni kubwa. Wengi hudanganywa na majina: anayezoea bomba la chuma la robotatu hununua PPR ya 20 akidhani ni sawa, kumbe amenunua nusu inchi. Njia kuu iwe 25 au 32, na matawi mafupi tu yawe 20. Kila kona nayo inakula nguvu, kwa hiyo njia iliyonyooka hushinda njia iliyofichwa vizuri.

PPR ina sharti jingine. Viungio vyake huchomelewa kwa mashine ya nyuzi joto 260, sekunde 5 kwa bomba la 20 na 7 kwa la 25, kisha husukumwa pamoja bila kuzungushwa. Mashine hiyo inataka umeme usiokatika. Mwaka 2024, ukame uliposhusha mno maji ya Bwawa la Kariba, linalozalisha umeme, na serikali ikatangaza janga la kitaifa, Wazambia walikaa saa nyingi za siku bila umeme. Kiungio kilichochomelewa kwa joto lililokuwa likishuka huonekana kizima na huvuja baada ya miezi. Panapokuwa na mgao wa umeme, bomba la plastiki nyeusi lenye viungio vya kukaza kwa mkono linaweza kuwa salama zaidi kwa njia ya nje, na ndani fundi achomelee siku yenye umeme au alete jenereta.

Mwisho wa njia hiyo yote, uwekwe mdomo mmoja ambao michoro ya kisasa huusahau: koki ya chini, sentimita 60 kutoka sakafuni, ili ndoo ya lita 20 itoshee chini yake. Siku tangi likiwa tupu, bafu litaogewa kwa ndoo na kopo, na choo kitamwagiwa kwa ndoo ile ile.

Kabla ya plasta

Kabla ukuta haujazibwa, mabomba yajazwe maji, yasukumwe kwa pampu ya mkono hadi mara moja na nusu ya shinikizo yatakayoishi nalo, kisha yaachwe na kila kiungio kipapaswe kwa kidole kikavu. Bomba la inchi nne lizibwe mdomo wa chini, lijazwe, na maji yaangaliwe kama yanashuka. Kila kona ya maji taka iwe na chemba inayofunguka. Choo, sinki na shawa, kila kimoja kiwe na trapu yake, kona inayobaki na maji yanayozuia harufu, kwa kina cha sentimita 5 au zaidi. Bomba la hewa lipande juu ya paa na lifungwe wavu mdomoni, kwa sababu mbu hupenda karo kuliko sisi tunavyodhani, na Nchelenge ni miongoni mwa wilaya zenye malaria nyingi zaidi nchini. Kwa sababu hiyo hiyo, shimo lolote la majaribio lifukiwe likishasomwa.

Na shimo hilo ndilo linalotangulia yote. Mwezi Mei, kabla ya kununua hata elbo moja, chimba mahali unapokusudia kuweka mtaro wa kufyonza, nusu mita zaidi ya kina ulichopigia hesabu, yaani zile mita 2.3 za nyumba yetu ya mfano. Lifunike, nenda kalale. Asubuhi teremsha kamba yenye jiwe, uone imelowa kuanzia wapi. Iandike sentimita hiyo ukutani kwa chaki, mahali pale pale fundi alipotaka kuchora njia ya shawa.